Miguu Haijaambiwa

Karandinga la polisi lilikuwa limeshatoka kituoni, na Mama Pacha alikuwa nyuma, ndani ya wavu, mikono imefungwa pingu, kitambaa cha kumfutia mtoto bado kiko begani. Asubuhi ile wanawe mapacha wa miezi saba alikuwa amewaachia jirani wa ghorofa ya pili, mwanamke mwenye roho nzuri na mdomo mbaya.

"Niangalizie tu mpaka jioni, jirani," alimwambia.

Jirani aliwapokea, mmoja kiunoni na mmoja begani, na kwa mara ya kwanza tangu ahamie jengo lile akakosa la kusema. Anayepelekwa gereza la mkoa kwa kosa la kuua harudi jioni. Hilo hata mtoto analijua.

Mbele, kando ya dereva, alikaa inspekta wa kike ambaye mji mzima ulimwita Polepole. Jina alilipata kwa sababu ya goti lake la kushoto, lakini waliowahi kuhojiwa naye walisema goti halikuhusika. Alikuwa amebakiza miezi minne kustaafu. Kesi hii hakushirikishwa. Alipewa safari tu, kwa kuwa mahabusu wa kike lazima asindikizwe na askari wa kike, na Mkuu wa kituo hakuwa na mwingine.

"Mapokezi ya gereza yanafungwa saa kumi, afande," alisema Koplo, dereva. "Tukifika saa kumi na dakika moja tunarudi naye, na Mkuu anatula nyama."

"Endesha basi."

Jalada lilikuwa magotini mwake. Lilikuwa jembamba, na Polepole hakupenda majalada membamba. Marehemu alikuwa karani wa ramani wa kiwanda, mtu wa kimya, kazi yake kutunza michoro ya ardhi ya zamani na ya sasa. Jumatano asubuhi alikutwa sakafuni ofisini mwake, kisogo kimepasuka, mlango umefungwa kwa ufunguo kutoka nje. Ufunguo wake ulikuwa mfukoni mwake. Ufunguo wa pili alikuwa nao mfagiaji, Mama Pacha, ambaye ndiye aliyefungua na kupiga yowe. Wiki iliyotangulia watu walimsikia akibishana na karani kuhusu ramani ya zamani ya kijiji, na ramani hiyo sasa haionekani. Mkuu wa kituo alichukua funguo mbili, akatoa mmoja wa maiti, akabaki na Mama Pacha. Upelelezi wote ulichukua siku moja na nusu.

Polepole aligeuka kwenye wavu. "Ramani ulikuwa unaitakia nini?"

"Nilitaka kuona shamba la baba yangu lilikuwa wapi," alisema Mama Pacha. "Basi. Karani akasema ramani haitoki ofisini, nikamwambia sitaki itoke, nataka kuitazama. Hayo ndiyo mabishano."

Koplo alikohoa kikohozi cha mtu asiyesadiki.

Mji ule haukuwa na barabara mbili za kutokea. Zamani vilikuwepo vijiji vitatu, kila kimoja na njia zake, halafu kiwanda cha mabati kikaja kikaketi katikati kama mgeni aliyekaa mlangoni: anayeingia anamruka, anayetoka anamruka. Ukitaka kwenda popote ulipita mbele ya lango lake. Na karandinga lilipofika hapo, king'ora kikalia. Saa nane kamili. Zamu inabadilishwa.

"Tumekwisha," alisema Koplo, akakanyaga breki.

Watu mia nne walimwagika kutoka kwenye mabanda ya mashine, wakaanza kuvuka uwanja wa saruji kuelekea lango. Kiti cha karandinga kiko juu, na Polepole hakuwa na la kufanya ila kutazama. Wengi walikata uwanja moja kwa moja. Lakini hapa mmoja, pale wawili, walipofika karibu na katikati walipinda, wakazunguka, kisha wakarudi kwenye mstari wao. Hapakuwa na dimbwi. Hapakuwa na tundu wala mafuta yaliyomwagika. Ilikuwa saruji tupu, kavu, inang'aa kwa jua. Na waliozunguka hawakutazama chini. Mmoja alikuwa akicheka na mwenzake kwa kicheko cha kushika mbavu. Mdomo unacheka, miguu inazunguka.

"Koplo, wale wanakwepa nini?"

"Wapi, afande? Sioni kitu."

"Ndiyo maana nakuuliza."

Sauti ikatoka nyuma ya wavu. "Kisima."

Polepole hakugeuka. Aliendelea kutazama uwanja. "Kisima kipi?"

"Cha kijiji chetu. Kilikuwa pale. Mtoto akipita juu ya mdomo wa kisima, hata kama kimefunikwa mbao, alichapwa na mtu mzima yeyote aliyemwona, awe mjomba wako, awe mpita njia. Tulizunguka tangu tulipojua kutembea. Sasa ni miaka ishirini na miwili kimefukiwa, na saruji imemwagwa juu. Lakini miguu haijaambiwa."

"Kwa hiyo wanaozunguka ni wa kijiji chenu tu."

"Nani mwingine? Mgeni atajuaje? Hata wanangu hawatazunguka."

Polepole alihesabu kumi na mmoja. Halafu akamwona mtu mnene mwenye ndevu na kofia nyeupe ngumu, anakuja kinyume na umati, karatasi kwapani, simu sikioni. Alifika karibu na katikati, akapinda kushoto, akachora nusu duara safi kama kwa uzi, akaendelea na simu yake.

"Na yule?"

Mama Pacha alicheka kidogo, kicheko cha kwanza kwa siku tatu. "Huyo si wa huku, afande. Huyo ni Bwana Usalama, ofisa usalama wa kiwanda. Ana miaka miwili tu hapa, katoka mbali huko. Sisi anatuita 'nyinyi wenyeji'."

"Amepita wapi?"

Mama Pacha alikuwa amesogeza uso mpaka waya zikamchora shavuni.

"Amezunguka," alisema.

"Koplo, simama."

"Tumesimama, afande."

"Basi zima. Gurudumu la nyuma lina pancha."

"Halina, afande. Nimeyakagua asubuhi yote manne."

"Ukishuka litakuwa nayo."

Koplo alimtazama, akatazama saa, akatazama mbinguni kama anayeomba radhi kwa kosa la mtu mwingine. Kisha akashuka na kijiti cha kiberiti mkononi. Polepole akasikia upepo ukitoka: fyuuu. Akapiga simu kituoni.

"Mkuu, tumepata pancha mbele ya kiwanda."

"Itachukua muda gani?"

"Koplo anasema saa moja na nusu."

Koplo, aliyekuwa amechuchumaa kando ya gurudumu, hakuwa amesema neno.

*

Msimamizi wa zamu aliitwa Fundi Sauti kwa sababu miaka ya kupigana na kelele za mashine ilikuwa imemwachia koo moja tu, la kupiga kelele. Jina lake lilikuwemo kwenye jalada, mstari mmoja, ukurasa wa mwisho. Mashahidi watatu walimsikia akimwambia marehemu: Utakufa na ramani zako mkononi. Mkuu wa kituo alikuwa ameandika pembeni: hana ufunguo.

Polepole alimkuta upande wa pili wa uwanja, akamwita waongee karibu na lango. Walipokuwa wakivuka aliitazama miguu yake. Fundi Sauti alipita katikati ya uwanja kama ng'ombe anayekwenda majini, bila kupinda hata unywele.

"Ulimtishia marehemu."

"Nilisema! Sikatai!" alifoka, ingawa walikuwa hatua moja tu. "Mimi kila mtu namwambia atakufa na kitu. Jana nimemwambia mpishi wa kantini atakufa na mwiko. Mbona yu hai?"

"Jumanne jioni ulikuwa wapi?"

"Chini ya mashine namba tatu, imeniachia miguu tu nje. Watu thelathini waliiona hiyo miguu. Kawaulize ilivaa viatu gani."

"Karani alikukosea nini?"

"Alinichelewesha. Pale katikati tunaweka mtambo mpya wa kukunjia mabati, tani mia mbili. Jumatatu nachimba msingi wa mita mbili, namwaga zege. Huyu bwana anakuja na karatasi la enzi za babu: pana kisima, fukueni mpaka chini kabisa mshindilie mawe, la sivyo mtambo utazama. Mita kumi na mbili, mama yangu! Wiki tatu za kazi!"

"Nani aliamua?"

"Bwana Usalama. Hii hapa." Alitoa karatasi iliyokunjwa mara nne. Polepole aliisoma huku amenyoosha mkono, maana miwani aliiacha garini. Ardhi imepimwa. Ni ngumu. Kisima hakijawahi kuwepo. Mhuri, sahihi, tarehe ya Jumatatu iliyopita.

"Umewahi kuwauliza vibarua wako kama pana kisima?"

"Anayeulizwa ni mwenye mhuri."

"Karani alikubali?"

"Wapi! Alisema Jumatano asubuhi anampelekea meneja ramani yenyewe, mkononi." Hapo sauti yake ikashuka, na Polepole akagundua kwamba kumbe inashuka. "Jumatano hakufika."

"Hakufika," alisema Polepole. "Niambie kitu kimoja. Ofisi ya karani ikishika moto, yeye hayupo, mfagiaji hayupo. Nani anafungua?"

"Kipo kisanduku cha funguo za dharura. Funguo za kiwanda kizima ziko humo, nyuma ya kioo. Hakina kitasa. Ukiutaka ufunguo unavunja kioo, halafu unaandika ripoti kwa nini umevunja."

"Kiko wapi?"

"Ofisini kwa Bwana Usalama."

"Mkuu wa kituo hukumwambia?"

"Aliuliza ofisi ya karani ina funguo ngapi, nikamwambia mbili. Kiwanda kina funguo ngapi, hilo hakuuliza."

*

Kabla ya kwenda kwenye kile kisanduku, Polepole aliingia mjini. Mhuri unasema kisima hakijawahi kuwepo. Alitaka mtu aliyewahi kunywa maji yake. Mama Pacha alimwelekeza kupitia wavu: Jengo la Nne, ghorofa ya tatu, mzee mmoja anayetengeneza baiskeli kwenye ngazi. Wanamwita Mzee Kamba.

Ukiutazama kutoka barabarani, mji ule ni wa namba: Mtaa wa Kwanza, wa Pili, Jengo la Tatu, la Nne. Ukiingia ndani unaona kijiji kimesimamishwa wima. Mahindi yalikuwa yameota kati ya mataruma ya reli ya kiwanda, yamepaliliwa. Kuku alikuwa amefungwa mguu kwenye bomba la maji ghorofa ya pili, chini yake gazeti. Nyuma ya kila mlango uliokuwa wazi palisimama jembe, mpini umeng'aa, na hakuna shamba hata la kulaza mkeka. Watu walimwona Polepole akipanda ngazi, hatua na pumziko, hatua na pumziko, na milango ikajifunga mbele yake mmoja mmoja. Polisi walikuwa wameshamchukua mmoja wa jengo hilo wiki hii.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba." Mzee Kamba hakuinua kichwa. Baiskeli ilikuwa imepinduliwa mbele yake. "Kama umekuja kwa habari ya kamba yangu, umechelewa miaka ishirini na miwili."

"Kamba gani, mzee?"

"Ya kisima! Mimi ndiye niliyekuwa mtunza kamba. Kila kaya ilileta katani, nikaisokota mimi, kwa mikono hii, miezi miwili. Mpya kabisa! Haijamaliza wiki, ikaibwa pamoja na kisima."

"Kisima kiliibwaje?"

"Tulilala kina maji, tukaamka kina udongo. Mwenyekiti wa kijiji akasema mtoto amenusurika kutumbukia, kwa hiyo yeye na kijana wake wamekifukia usiku ule ule, kwa jembe na karai. Nikamuuliza, kamba yangu je? Akasema nisimletee mambo ya kamba."

"Matingatinga ya kiwanda yalikuwa yaje lini?"

"Wiki iliyofuata."

"Tingatinga linafukia kisima kwa robo saa," alisema Polepole. "Kwa nini mtu akeshe na karai?"

Mzee Kamba aliliacha gurudumu likizunguka lenyewe hewani. Likazunguka mpaka likachoka.

"Hilo sikuwahi kuliwaza," alisema. "Mimi nilikuwa nawaza kamba."

"Wiki ile nani aliondoka bila kuaga?"

"Wiki ile, binti yangu, kila mtu alikuwa akifunga mizigo. Nani angemuaga nani?" Alifikiri. "Lakini Sitaki, ndiyo. Yule aliyekataa kutia dole gumba kwenye karatasi za kutoa ardhi. Bila dole lake karatasi za upande ule zilikuwa hazikamiliki, na Mwenyekiti alikuwa ameshawaahidi wakubwa. Asubuhi ile ya kisima Sitaki hakuonekana. Mwenyekiti akasema kakimbia na mwanamke, kamwacha mke na mtoto wa kike. Huyo mtoto ndiye huyu mliyemfunga."

Polepole alishika ukingo wa ngazi. "Na kijana wa Mwenyekiti?"

"Alikuwa na miaka kumi na sita, mwembamba kama kamba yangu. Alipanda lori siku hiyo hiyo, kapelekwa kusoma mbali. Baba yake alipokufa hakuja hata kumtupia udongo."

"Ukimwona leo utamjua?"

"Mwanangu mwenyewe akivaa kofia ya kiwanda simjui. Wote wanakuwa vichwa vya rangi."

*

Bwana Usalama alimkaribisha kwa heshima na kiti. Ofisi yake ilikuwa safi. Kofia zilitundikwa kwa ukubwa, mitungi ya kuzimia moto ilipangwa ukutani kwa namba, kila mmoja na kadi yake ya ukaguzi shingoni. Namba tatu haikuwepo. Palikuwa na msumari mtupu.

"Namba tatu iko wapi?"

"Imepelekwa kujazwa," alijibu haraka. "Ni kawaida."

"Lini?"

"Jumatano."

Polepole aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyeambiwa habari za mvua. Kisanduku cha funguo kilikuwa kando ya mlango. Alikisogelea akasimama mbele yake kama anayetafuta mahali pa kupumzisha goti, mkono ameegemeza kwenye fremu. Kioo kilikuwa hakina hata alama ya kidole. Fremu ilikuwa na vumbi la mwaka.

"Kioo hiki kimewahi kuvunjwa?"

"Mwaka jana mara moja, kwa ripoti. Tangu hapo, hapana."

Alibonyeza kwa ukucha wa kidole gumba ule udongo mweupe wa mafuta ambao mafundi hushikizia kioo. Udongo wa mwaka jana ungekuwa umekauka kama mfupa. Huu ulizama. Ukucha uliacha alama iliyopinda kama mwezi mwandamo, na harufu ya mafuta ikabaki kidoleni. Polepole alijifuta kwa leso yake, akaikunja leso, akaitia mfukoni.

"Unatokea wapi, bwana?"

"Mbali sana, afande. Kabla ya kazi hii sikujua hata kama mji huu upo."

"Na hicho kisima alichokuwa akikisema marehemu?"

"Porojo za wenyeji. Hawa watu, ukiwauliza, kila jiwe lina hadithi. Nimepima mwenyewe. Pale hapajawahi kuwa na kisima."

"Hapajawahi," alisema Polepole. "Haya. Nisindikize mpaka garini, baba. Goti linanitesa, na naogopa kuanguka peke yangu mbele za watu."

Hakuweza kukataa. Walitoka nje, jua limeinama kidogo. Karandinga lilikuwa ng'ambo ya uwanja, moja kwa moja, na Koplo alikuwa bado anahangaika na gurudumu lililokuwa zima tangu asubuhi. Fundi Sauti alikuwa langoni na vibarua wake wachache. Mzee Kamba naye alikuwa ameteremka ngazi zote zile, jambo ambalo majirani walisema hakulifanya tangu msiba wa mkewe, akasimama kando, mikono nyuma.

Polepole alitembea katikati, hatua na pumziko, akiongea juu ya goti. Daktari huyu alisema hivi, yule akasema vile. Bwana Usalama aliitikia: ehe, ehe, pole. Kisha Polepole akagundua kwamba anaongea na upepo. Alisimama. Bwana Usalama alikuwa hatua nne upande wa kushoto, anaendelea kuitikia, anamaliza nusu duara yake.

"Umekwepa nini, bwana?"

Alisimama. Alitazama miguu yake kama mtu aliyeona nyoka kwenye kiatu.

"Sijakwepa kitu. Hakuna kitu hapo."

"Ndivyo ulivyoandika. Basi rudi upite hapa nilipopita mimi."

"Afande, nina kazi."

"Ni hatua tano."

Ndani ya karandinga Mama Pacha alikuwa amesimama, vidole vimeshika waya. Bwana Usalama alikuja mpaka ukingo wa ile sehemu ambayo haikuwa na ukingo. Aliinua mguu wa kulia. Aliushusha pale pale ulipotoka. Akaujaribu wa kushoto.

"Kanyaga," alisema Polepole. "Ni saruji."

Jasho lilikuwa likimtiririka chini ya kofia nyeupe, likaingia kwenye ndevu. Mzee Kamba alikuwa amesogea karibu, anamchungulia usoni, kichwa amekiinamisha upande, kama anavyochungulia gurudumu kuona limepinda wapi.

"We," alisema Mzee Kamba taratibu. "Wewe si wa Mwenyekiti?"

Ilimtoka Bwana Usalama kwa lafudhi ya pale pale, lafudhi ambayo hakuwahi kuitumia kiwandani hata siku moja. "Baba ndiye aliyempiga. Mimi nilishika kamba tu. Wallahi nilishika kamba."

Polepole alisogea hatua moja karibu naye.

"Kamba ipi?" aliuliza Polepole. "Mimi nimekuuliza habari ya kisima."

Polepole alimwita Koplo, na Koplo akaja na pingu. Hakuwa na nyingine. Ilibidi kwanza azifungue mikononi mwa Mama Pacha.

Jioni ile, kabla jua halijazama, Mama Pacha alipanda ngazi za Jengo la Nne. Jirani alifungua mlango, mmoja kiunoni, mmoja begani, wote wawili wanalia.

"Umerudi!"

"Si nilikwambia jioni?"

*

Ramani haikupatikana. Bwana Usalama alisema aliichoma usiku ule wa Jumanne, baada ya kumpiga karani kwa mtungi namba tatu na kumfungia kwa ufunguo wa kisanduku. Mtungi ulipatikana kwa mjazaji, umeoshwa, isipokuwa chini ya kadi ya ukaguzi, ambako damu ilikuwa imebaki.

Kwa kuwa ramani haikuwepo, Polepole aliwaita wale kumi na mmoja wavuke uwanja mara ishirini huku wakipiga soga. Mpimaji alichora kwa chokaa mahali ambapo hakuna mguu uliokanyaga. Walichimba hapo. Walikosea kwa nusu mita tu. Sitaki alikuwa kwenye mita ya tisa.

Bwana Usalama alihukumiwa kifungo cha maisha kwa kumuua karani. Kwa Sitaki alihukumiwa miaka michache, kwa kuwa alikuwa mtoto wakati ule na baba yake hayupo wa kushtakiwa.

Mkuu wa kituo aliandika kwamba upelelezi ulifanikiwa chini ya uongozi wake, akapandishwa cheo na kuhamishwa. Koplo alipewa onyo la maandishi kwa kutotunza gurudumu. Polepole alistaafu baada ya miezi minne, na goti halijapona.

Karani alizikwa na ndugu zake, kwao. Nafasi yake haijajazwa.

Fundi Sauti alishindilia mawe mpaka juu, wiki tatu, akaweka mtambo wake. Uko katikati ya uwanja, na sasa kila mtu anauzunguka, mwenyeji na mgeni.

Kamba ilitoka kisimani pamoja na mifupa, ikiwa bado imefungwa. Ipo mahakamani, ni kielelezo. Mzee Kamba ameandika barua mbili kuidai.

Mama Pacha bado anafagia ofisi zile. Alimzika baba yake kando ya mama yake, ambaye alikufa miaka sita kabla, akiamini ameachwa.